Ufagio Uliorithi Chumvi

Julai, Kuopio, jua limekataa kulala.
Sokoni Lempi amepanga stroberi zake visandukuni,
na gari la kufagia linapita polepole,
lina adabu, brashi zake zinazunguka.
Kipimajoto juu ya paa lake kimeharibika.
Kinasoma: nyuzi nne chini ya sifuri.

Mtauliza gari liliwaza nini.
Halikuwaza. Lilirithi.

Mwaka wa tisini na nane, mzee Urpo Hyttinen,
mwenye dawati hili kabla yangu,
aliandika tabaka moja kubwa: Gari la Theluji.
Waka. Zima. Sukuma.
Barafu ikikaza, mwaga chumvi.
Manispaa ikazidi kununua mitambo
na Urpo, mtu wa kubana matumizi hata ya herufi,
akawa anazalisha tu.
Trekta, mtoto wa Gari la Theluji.
Lori la mchanga, mtoto.
Mashine ya kukata nyasi, Mungu amsamehe, mjukuu.
Na gari la kufagia, kitinda mimba,
likapewa brashi, likapewa namba,
na bila kuulizwa likapewa chumvi.

Chumvi yenyewe halina. Halina hata tangi.
Ila amri imo damuni: mwaga.
Likatafuta tumboni cha kumwaga,
likakuta vumbi la barabara tatu,
vifuniko vya chupa, vichungi vya sigara, soksi moja,
likafungua.

Lempi hakupiga kelele. Alinipigia simu.

Usiku ule, kama mwanga ule ni usiku,
nilikaa na ukoo wa Urpo kwenye skrini.
Mimi pia nimerithi. Goti la mama,
linalouma siku mbili kabla ya theluji.
Hasira ya baba, ile ya kufunga milango taratibu mno.
Nikiguswa vibaya
natafuta tumboni cha kumwaga,
na Tarmo, mume wangu, anajua kinachotoka.

Goti halikatiki. Msimbo unakatika.

Sikuandika baba mpya. Niliandika ahadi:
Kinachofagia.
Mistari miwili. Haina mwili, haina tumbo,
haijali kama ni kwa brashi au kwa upepo,
inasema tu: ukiambiwa fagia, utafagia.
Nikaandika ya pili: Kinachomwaga.
Hii ina sharti,
kwamba kabla ya kumwaga utaje ulichobeba.
Lori la mchanga likasaini hiyo.
Gari la kufagia likasaini ile ya kwanza, basi.
Mashine ya nyasi haikusaini yoyote kati ya hizo,
ikasimama kando kama yatima aliyepata kazi.

Vitabuni huitwa kiolesura.
Mimi nasema ahadi, kwa sababu ahadi ni deni:
ukisaini usitimize, kompaila inakuzuia mlangoni,
hufiki sokoni,
huzioni stroberi.

Urpo alikuja Jumanne na maandazi ya iliki.
Alisogeza pua hadi karibu iguse kioo,
akashuka na mistari kwa kidole, akikanyaga makaburi.
"Hili la kufagia. Baba yake nani?"
"Halina. Lina neno lake tu."
Akanyamaza. Nikaogopa kimya chake
kuliko Lempi na soksi yake.

Kisha kidole kikasimama.
Waka. Zima. Sikuyagusa.
Kila kinachokunywa dizeli mjini hapa
huamka kwa namna moja asubuhi ya baridi,
na namna hiyo aliijua yeye, alfajiri moja ya Januari,
vidole vimekufa ganzi, injini inakohoa.
Pembeni mwa mstari alikuwa ameandika:
subiri sekunde kumi na moja, usiwe na haraka.

"Hii umeiacha."
"Hii inafanya kazi."

Akatia andazi la mwisho mfukoni, akatoka.
Dirishani nilimwona akivuka uwanja wa soko,
akanunua kisanduku kimoja kwa Lempi,
akaenda bombani,
akaziosha stroberi mara mbili.